Tortilla ni nini hasa? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu neno moja la jikoni la Kihispania

Agiza tortilla Madrid, utaletewa kipande kinene cha mayai na viazi. Agiza tortilla Meksiko, utaletewa rundo la mikate myembamba ya mahindi iliyofunikwa kitambaa isipoe. Neno ni lilelile na tahajia ni ileile, na Wahispania na Wameksiko wote wawili wanaamini chao ndicho chenyewe. Hapa tumekusanya maswali ambayo wasomaji wa Kiswahili huuliza wanapokutana na neno hili kwenye menyu, kwenye pakiti za supamaketi au kwenye darasa la Kihispania.

Kwa kifupi, tortilla ni chakula gani?

Ni vyakula viwili vikubwa, pamoja na jamaa zao kadhaa. Hispania, tortilla ni kimanda: mayai yaliyopigwa yakakaangwa, mara nyingi yakiwa na viazi ndani. Meksiko na Amerika ya Kati, tortilla ni mkate wa duara usiotiwa hamira, wa mahindi au wa ngano.

Kinachoviunganisha ni umbo. Neno lenyewe linataja kitu kidogo, bapa, cha mviringo. Kimetengenezwa kwa nini, halisemi. Ukilishika hilo, nusu ya maswali yanayofuata utajijibu mwenyewe.

Linatamkwaje?

Tor-TI-ya. Herufi mbili za *ll* husomwa kama *y* yetu, na mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, yaani palepale Kiswahili kinapouweka. Mswahili hana sababu ya kupata tabu. Ukimsikia mtu wa Buenos Aires akisema "tortisha", usimsahihishe. Ndivyo wanavyotamka *ll* kule. Wingi wake ni *tortillas*.

Neno limetoka wapi?

Limetoka Hispania, na lina vipande viwili: *torta* na kiambishi tamati *-illa*.

*Torta* ni neno la Kilatini cha zama za mwisho, lililotumika kwa mkate wa duara. Limo katika Vulgata, tafsiri ya Biblia ya Kilatini inayohusishwa na Mtakatifu Jeromu: Yeremia alipokuwa kifungoni, mfalme aliamuru apewe *torta* ya mkate kila siku. Wengi wamelihusisha na neno la Kilatini lenye maana ya "kusokotwa", lakini wataalamu wa asili za maneno hawajakubaliana juu ya hilo, na kwa kweli mkate wa duara haujasokotwa popote. Kwa Waitalia *torta* ni keki, nao wakaizalia vitoto vyake, *tortelli* na *tortellini*, zile tambi zilizojazwa nyama au jibini.

*-illa* ni kiambishi cha udogo, na kazi yake ni ile inayofanywa na *ki-* yetu tunapotoa "kijitabu" kwenye kitabu. Kwa hiyo *tortilla* ni "kitorta".

Kiambishi hiki unakijua zaidi ya unavyodhani. *Vaina* kwa Kihispania ni ganda la mbegu, kama la maharage, au ala ya kisu. *Vainilla* ni kiganda. Neno hilo likazunguka Ulaya, likafika kwetu likiwa "vanila", zao ambalo wakulima wa Kagera na wa Uganda wanalifahamu vizuri sana, hasa bei inapopanda na wezi wanapoanza kuingia mashambani usiku. *Guerra* ni vita. *Guerrilla* ni vita vidogo, na kutoka hapo tukapata "gerila".

Maana ipi ilitangulia, ya mayai au ya mahindi?

Ya mayai na ya vitu vingine bapa vya Ulaya, bila shaka. Neno ni la Kihispania na Wahispania walivuka nalo bahari. Ushahidi mzuri kuliko wote umo kwenye barua ya pili ya Hernán Cortés kwa mfalme Carlos wa Tano, iliyoandikwa mwaka 1520. Anaposimulia soko kubwa la mji wa Waazteki, anaorodhesha bidhaa moja baada ya nyingine: mahindi ya punje na ya mkate, samaki, mayai ya ndege wa aina nyingi. Kisha anasema wanauza *tortillas de huevos*, tortilla za mayai, zilizokwisha pikwa.

Tafakari kidogo hapo. Mhispania yuko katikati ya nchi ambayo leo dunia nzima inaiona kuwa nyumbani kwa tortilla ya mahindi, na neno "tortilla" analitumia kwa kimanda. Mkate wa mahindi anauita mkate tu.

Haikuchukua muda, maana ya pili ikashika. Wageni waliona kitu kidogo, bapa, cha duara kwenye kila mlo, na jina la umbo hilo walikuwa nalo tayari. Leo Kamusi ya Chuo cha Kifalme cha Lugha ya Kihispania, chuo kilichoanzishwa mwaka 1713, inaanza na maana ya yai, halafu ndiyo inakuja ya mahindi na alama ya kwamba hiyo ni ya Amerika. Wameksiko wengi hawafurahishwi na mpangilio huo. Wanaokula tortilla ya mahindi kila siku ni wengi mno kuliko wanaokula ya viazi, na mimi naona wana hoja.

Wenyeji wa Meksiko waliiita nini kabla ya Wahispania?

Kwa Kinahuatl, lugha ya Waazteki, ni *tlaxcalli*, yaani kitu kilichookwa. Neno hilo liko hai bado kwa wasemaji wa Kinahuatl, na limebaki kwenye ramani: jimbo la Tlaxcala, dogo kuliko majimbo yote ya Meksiko, jina lake huelezwa kuwa ni mahali pa tortilla. Mtawa Alonso de Molina, katika kamusi yake ya Kinahuatl na Kihispania ya mwaka 1571, alilifasiri neno *tlaxcalli* kuwa tortilla za mahindi au mkate kwa jumla. Kwa hiyo nusu karne tu baada ya barua ya Cortés, maana mpya ilikuwa imeshakaa kitako.

Wamaya wa Yucatán wanasema *waaj*. Wazapoteki wa upande wa Tehuantepec wanasema *gueta*. Jamii nyingi zilikuwa na chakula hiki na kila moja ilikuwa na jina lake. Kihispania kikaja kuwafunika wote kwa neno moja la kigeni.

Je, tortilla ya Meksiko ni chapati ya mahindi?

Kwa macho, karibu. Kwa kazi mezani pia: unamegea mboga, unafungia nyama, unafutia sahani. Lakini ndani ni vitu tofauti, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko unga uliotumika.

Chapati inakandwa kwa unga wa ngano, na ngano ina ule utando unaovutika, ndiyo maana donge linasukumwa hadi linakuwa jembamba bila kukatika. Mahindi hayana utando huo. Ukichukua unga wa sembe ukaukanda kwa maji na kujaribu kuusukuma, utapasuka kingo zote na kukuvunjikia mkononi. Watu wa Meksiko na Guatemala walilitatua tatizo hili zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita, kwa chokaa.

Mahindi makavu huchemshwa kwenye maji yaliyotiwa chokaa ya kula, ile jamii ya chokaa inayopakwa kwenye tambuu. Kipimo cha kawaida ni kama gramu 10 za chokaa kwa kilo moja ya mahindi. Yakishachemka kidogo, moto unazimwa na mahindi yanalala humo usiku kucha. Asubuhi maganda yanatoka kwa kusuguliwa na mkono, mahindi yanaoshwa, kisha yanasagwa yakiwa bado yenye maji. Mahindi yaliyopitia hapo huitwa *nixtamal*, kutoka Kinahuatl, neno lililounganisha majivu na donge la mahindi, kwa sababu mahali pengine majivu ya kuni yalifanya kazi ya chokaa. Donge linalotokana na usagaji huo, *masa*, linashikana. Unalibonyeza likawa bapa, unalitupa juu ya *comal*, kile chuma au chungu bapa cha kuokea, bila tone la mafuta. Linageuzwa, linageuzwa tena, na likipikwa vizuri linafura katikati.

Chokaa hufanya jambo jingine ambalo halionekani kwa jicho. Mahindi yana vitamini iitwayo niasini, lakini imefungwa kiasi kwamba tumbo la binadamu haliwezi kuichukua, chokaa inaifungua. Wazungu walibeba mbegu za mahindi kutoka Amerika wakaacha ujuzi wa chokaa nyuma, na gharama ililipwa na maskini. Mwaka 1735 daktari Gaspar Casal, akiwa Asturias kaskazini mwa Hispania, alianza kueleza ugonjwa wa ngozi uliowaandama wakulima waliokula mahindi karibu peke yake. Ugonjwa huo ndio pelagra. Ulikuja kuua watu wengi Italia ya kaskazini na baadaye majimbo ya kusini ya Marekani. Nasi Afrika haukutuacha: mwaka 1990 uliwashika maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga kupungua kwenye mgawo wao wa chakula na mahindi kubaki ndiyo kila kitu.

Haimaanishi kwamba ugali ni sumu. Anayekula ugali na maharage, dagaa, karanga au nyama anaipata niasini kwingine. Ila ni ajabu kwamba zao lilivuka bahari na likatawala vyungu vya nusu ya Afrika, na maarifa yaliyokuwa yanaandamana nalo yakabaki bandarini.

Basi naweza kutengeneza tortilla kwa unga wa ugali?

Hapana. Si sembe, si dona. Utapata kitu kinachofanana na ugali uliokauka juu ya chuma. Unahitaji unga wa *nixtamal*, ambao Meksiko huuzwa ukiwa mkavu madukani, au uanze mwenyewe na mahindi mazima na chokaa safi ya kula. Usitumie chokaa ya ujenzi. Hiyo haijatengenezwa kuingia mdomoni na huwezi kujua kilichochanganywa humo.

Tortilla za pakiti ninazoziona supamaketi Nairobi na Dar ni zipi?

Mara nyingi ni za ngano. Soma orodha ya viungo nyuma ya pakiti. Hizi ni tortilla halali, si za bandia: Wahispania walileta ngano Meksiko karne ya 16, ikastawi kaskazini, na majimbo kama Sonora yakawa na tortilla za ngano ambazo ni nyembamba ajabu na pana kuliko sinia. Kutoka kaskazini huko zikavuka mpaka kuingia Marekani, na Marekani ndiyo iliyozisambaza duniani, zikiwa zimeongezwa mafuta na vitu vya kuzifanya zikae muda mrefu bila kuharibika.

Kama uko Kampala na unataka kuelewa maana zote mbili za neno kwa mkupuo mmoja, nunua rolex. Ni kimanda kilichoviringishwa ndani ya chapati. Mhispania ataiona tortilla yake ndani, Mmeksiko ataiona yake nje.

Tortilla ya Hispania si ndiyo chipsi mayai?

Swali hili linatoka Tanzania, na ni la haki. Viungo ni vilevile: viazi, mayai, mafuta, chumvi. Mtu wa Dar akionyeshwa picha ya *tortilla de patatas* atasema hii ni zege, yaani chipsi mayai, imekatwa vipande.

Tofauti iko kwenye viazi. Kwenye zege, chipsi zimekwisha kaangwa kwa moto mkali, zina ukoko nje. Mpishi anazirudisha kwenye kikaango, anazimwagia mayai juu, na baada ya dakika chache unaletewa na kachumbari. Mhispania hataki ukoko. Viazi vinakatwa vipande vyembamba na kupikwa polepole, kwenye mafuta ya zeituni mengi, moto mdogo, hadi vilainike bila kubadilika rangi. Vinachujwa mafuta, vinatiwa kwenye bakuli la mayai yaliyopigwa, na vinaachwa humo dakika kadhaa vinywe. Ndipo mchanganyiko unarudi kikaangoni. Upande wa chini ukishika, unafunika kikaango kwa sahani, unapindua kwa mkupuo mmoja, unaitelezesha tortilla irudi kumalizia upande wa pili. Hapo kwenye kupindua ndipo mabibi wa Kihispania wanapowapima wakwe zao.

Tortilla nzuri ina unene wa vidole viwili au zaidi, inakatwa kama keki, na inaliwa ya moto au ya baridi, hata ndani ya mkate. Zege ukiiacha ipoe umeiharibu.

Ni nani aliyeianzisha tortilla ya viazi?

Kuna hadithi tamu: jenerali Tomás de Zumalacárregui, wakati wa vita vya warithi wa kiti cha ufalme miaka ya 1830, aliingia kwenye nyumba ya mama maskini wa Navarra aliyekuwa na mayai machache, viazi na kitunguu. Mama akavichanganya, jenerali akapenda, jeshi zima likalishwa. Zumalacárregui alifariki mwaka 1835, na tayari mwaka 1817 kulikuwa na waraka uliopelekwa kwa baraza la Navarra ukieleza hali mbaya ya wakulima wa milimani. Waraka huo unasema wake zao wanajua kutengeneza tortilla kubwa na nene kwa mayai machache, kwa kuchanganya viazi na makombo ya mkate. Hadithi ya jenerali inaishia hapo.

Mji wa Villanueva de la Serena, mkoa wa Badajoz, nao unadai sifa hiyo, kwa nyaraka za mwaka 1798 ambazo mtafiti Javier López Linage alizitangaza mwaka 2008. Wanaobisha wanasema kilichoelezwa humo ni viazi vilivyochanganywa na unga, si tortilla tunayoijua.

Mimi nauamini zaidi waraka wa Navarra, kwa sababu haujisifu. Watu wale walikuwa wanalalamika, na tortilla wanaitaja kama dalili ya umaskini: mayai mawili matatu ya kugawana watu watano au sita, na viazi vya kujazia. Chakula cha taifa kilianza kama njia ya kuficha kwamba mayai hayatoshi.

Iwekwe kitunguu au isiwekwe?

Hispania wana majina ya pande mbili za ugomvi huu, *cebollistas* na *sincebollistas*, wa kitunguu na wa bila kitunguu. Usiulize mezani kama una haraka. Kuna pia ugomvi wa ukavu: huko Betanzos, Galicia, yai linabaki la kutiririka katikati. Aliye mjamzito, mtoto mdogo na mzee wale iliyoiva kabisa.

Kwa nini wengine husema tortilla de patatas na wengine tortilla de papas?

*Papa* ni neno la Kikechua, lugha ya milima ya Andes, ambako viazi mviringo vilitoka. Amerika yote ya Kihispania inasema *papa*, na Visiwa vya Canaria pia. *Batata* ni neno la Kitaino, lugha ya visiwa vya Karibi, nalo lilikuwa la viazi vitamu. Hispania bara ikayachanganya mawili hayo ikapata *patata*.

Mzanzibari hapa atainua kichwa. "Mbatata" zinazotiwa kwenye urojo zimebeba jina hilohilo la Kitaino, lililotufikia kupitia Wareno. Kwa hiyo mbatata na *patata* ni ndugu, ingawa *patata* ina damu ya Kikechua upande mmoja.

Nchi nyingine za Kihispania zinaitumiaje?

Zinaitumia kwa kila kilicho bapa. El Salvador na Guatemala wana tortilla ya mahindi iliyo nene na ndogo kuliko ya Meksiko. Chile kuna *tortilla de rescoldo*, mkate wa ngano unaozikwa kwenye majivu ya moto hadi uive, kisha unapanguswa. Argentina ukisema tortilla watu watafikiria mayai na viazi, isipokuwa huko Santiago del Estero ambako wataleta mkate bapa wa ngano wa kuchoma. Cádiz, kusini mwa Hispania, kuna *tortillitas de camarones*: uji mzito wa unga na uduvi, unaodondoshwa kwenye mafuta ya moto ukakaangika hadi unavunjika kwa meno. Humo mara nyingi hamna yai wala mahindi.

Na torta, ile mama yake, bado ipo?

Ipo na imetawanyika vilevile. Meksiko *torta* ni mkate uliopasuliwa na kujazwa nyama, maharage, parachichi. Argentina ni keki ya sherehe. Ufilipino, uliotawaliwa na Hispania zaidi ya miaka 300, *torta* ni kimanda, na maarufu zaidi ni kile cha biringanya. Hispania kwenyewe inaweza kuwa mkate bapa mtamu, na pia inaweza kuwa kofi: "kumpa mtu torta" ni kumzaba. Angalia muktadha kabla ya kusema unaitaka.

Taco, tostada, totopo: hizi zote ni tortilla?

Zote zinaanzia hapo. Tortilla laini iliyokunjiwa kitoweo ni taco. Iliyokaushwa au kukaangwa nzima ikawa ngumu ni tostada. Iliyokatwa vipande vya pembetatu na kukaangwa ni totopo, neno lingine la Kinahuatl. Za jana zilizokauka hukatwa, hukaangwa na kurojeshwa kwenye mchuzi wa pilipili, zikawa *chilaquiles*, chakula cha asubuhi na dawa ya uchovu wa ulevi. Quesadilla ni tortilla iliyokunjwa na jibini, ila ukiwa Jiji la Meksiko wanaweza kukuuliza: "Ya jibini au bila?" Wenzao wa mikoani hawajawasamehe kwa swali hilo.

Ni kweli Wameksiko waliwahi kuandamana kwa ajili ya tortilla?

Kweli. Mwishoni mwa 2006 bei ya mahindi ilipanda, na tortilla nayo ikapanda kwa kasi. Januari 2007 serikali ya rais Felipe Calderón ilisaini makubaliano na wafanyabiashara ya kushikilia bei kwenye peso 8.50 kwa kilo. Hayakutuliza watu, tarehe 31 mwezi huohuo makumi ya maelfu waliandamana katika Jiji la Meksiko. Anayekumbuka bei ya unga wa sembe inavyoweza kutikisa siasa za Kenya hahitaji maelezo zaidi.

Kuna misemo yenye neno hili?

Ipo, na mmoja utausikia kila siku: *dar la vuelta a la tortilla*, kuigeuza tortilla, yaani mambo kupinduka. Timu iliyokuwa nyuma mabao mawili ikashinda imeigeuza tortilla.

Hispania kuna pia "picha ya tortilla". Ni picha ya mwaka 1974 ya vijana wa chama cha kisoshalisti wa Sevilla wakiwa mandarini kwenye msitu wa misonobari, akiwemo Felipe González, aliyekuja kuwa waziri mkuu mwaka 1982. Kundi zima likabandikwa jina la tortilla. Kwenye picha hiyo tortilla haionekani. Walikuwa wanakula machungwa.

Neno moja la kuchunga ni *tortillera*. Sokoni Meksiko ni mama anayetengeneza au kuuza tortilla. Penginepo kwenye Kihispania ni tusi kwa wanawake wanaopenda wanawake. Mgeni asilitumie kumwita mtu.

Nimesikia wanaanga hula tortilla angani. Ni utani?

Si utani. Rodolfo Neri Vela, Mmeksiko wa kwanza kwenda anga za juu, aliruka na chombo cha Atlantis Novemba 1985 na akaomba tortilla ziwemo kwenye chakula chake. NASA ikagundua faida yake: mkate wa kawaida unatoa makombo, na makombo yakielea yanaingia machoni na kwenye mitambo. Tortilla haimong'onyoki. Tangu hapo haijaondolewa kwenye orodha.

Nikisafiri, niagizeje nisiletewe nisichokitaka?

Hispania, ukitaka ya viazi sema *tortilla española* au *tortilla de patatas*. Kipande kimoja ni *un pincho de tortilla*. Ukitaka yai tupu bila kitu, sema *tortilla francesa*, tortilla ya Kifaransa. Mkate wa mahindi mtake kwa jina kamili, *tortilla de maíz*.

Meksiko geuza: neno peke yake ni mkate, na utaulizwa wa mahindi au wa ngano, *de maíz o de harina*. Kimanda ni *omelet*, au *tortilla de huevo* kwa baadhi ya watu. Guinea ya Ikweta, nchi pekee ya Afrika kusini mwa Sahara ambayo Kihispania ni lugha rasmi, ilijifunza lugha hiyo kutoka Hispania, kwa hiyo anza na dhana ya yai.